Kikapu Kilichoandikwa Jina la Kaka

Ghorofa ya pili, mlango wa nne,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha chupa.
21 Juni

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba ile baridi uliyotuandikia imepungua hadi unaweza kwenda kazini bila kuvaa soksi mbili mbili. Mgongo je? Nyinyi wauguzi mnainua watu kutwa, lakini wa kuwainua nyinyi simwoni. Tafadhali usijibu "sijambo" tu. Mama halipendi jibu hilo, anasema ni la kumfungia mtu mlango.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu abadilishiwe dawa, na sasa anapanda ngazi bila kuzihesabu kwa sauti. Bomba la jikoni lilipasuka tarehe 2, fundi akalitengeneza tarehe 9, baada ya kutuambia mara nne kwamba yuko njiani. Njia hiyo inapitia wapi, sijui.

Barua yako ya pongezi niliipata tarehe 8. Umeandika kwamba umeisimulia wodi nzima jinsi nilivyofunga kikapu kilichotupa ubingwa, na kwamba Kijiti wetu ana bahati kuwa na kaka kama mimi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho. Leo nataka nikueleze msimu wote kwa utaratibu, nikiwa na daftari langu hapa pembeni, kwa sababu uliyoyasikia siyo yaliyotokea.

Unajua nimekuwa nahodha wa timu hii ya mpira wa kikapu miaka sita. Kocha alipotaka kumsajili Kijiti mwaka jana, mimi ndiye niliyempigia debe. Niliona fahari: ndugu wawili katika timu moja ya kulipwa, jina la marehemu baba limeandikwa kwenye migongo miwili, yangu namba nane, yake namba kumi na tano. Yeye aliniita Kaka kama kawaida yake, na jina likaambukiza. Kocha akaniita Kaka, mfua jezi akaniita Kaka, na hata mwenyekiti wa klabu, ambaye kwa umri anamzidi Mama, naye akaniita Kaka.

Tulianza vibaya. Tulipoteza michezo mitano ya kwanza. Tarehe 11 Novemba nimeandika: "Kocha ameniita kwenye korido karibu na chumba cha kufulia. Kesho Kijiti ataanza, mimi benchi." Kesho yake tukashinda. Tukashinda na uliofuata. Tulishinda tisa mfululizo, na kila ushindi ulikuwa kama msumari mmoja zaidi kwenye benchi langu.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika dakika zake. Yeye thelathini na mbili, mimi sita. Yeye thelathini na tano, mimi nne. Miaka yote niliyoandika daftari sikuwahi kuandika dakika za mtu mwingine. Nilijiambia ni kazi ya nahodha kujua nani anachoka. Haikuwa kazi ya nahodha. Kikulacho ki nguoni mwako, Dada, na sisi hata nguo ilikuwa sare.

Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi nilikaa pale nikisubiri alitie maji. Redio zilimsifu, wasichana wakamsubiri mlangoni, akapigwa picha akiwa ameshika mswaki wa kampuni fulani. Hakulitia hata tone. Alifika mazoezini kabla ya wote, akabeba mipira mwenyewe, na tukirudi nyumbani ananiuliza, "Kaka, leo nimekosea wapi?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na orodha.

Mashabiki nao wakapata mchezo wao. Nikisimama tu kunyoosha miguu, jukwaa zima linaanza: "Kaka, kaa! Kaka, kaa!" Watoto kwa watu wazima, wanapiga na makofi. Siku moja Kijiti aliwageukia akainua mkono mmoja, wakanyamaza pale pale. Wimbo ule niliuvumilia vizuri tu. Ule ukimya aliouleta yeye ndio ulionichoma.

Siku nne kabla ya fainali kocha aliniketisha akaniambia, "Kaka, huu ni msimu wako wa mwisho hapa. Nimetaka usikie kwangu, usisikie barabarani." Nilimshukuru. Kijiti nilimwambia tumezungumzia viatu.

Fainali ilichezwa tarehe 28 Mei alasiri. Ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi kwenye ngazi. Mwishoni kabisa mwenzetu mmoja alitolewa kwa faulo tano, na kocha akatazama benchi kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko uliotoboka. Aliniona mimi. Nikaingia. Zilibaki sekunde tisa, na tulikuwa nyuma kwa pointi moja.

Mpira ulipangwa uende kwa Kijiti. Wapinzani wawili wakamkaba, ikabidi uje kwangu, upande ule wa meza ya waandishi wa matokeo. Nikarusha.

Nilikosa, Dada. Nilijua tangu ulipoachana na vidole vyangu. Ulipiga ukingo wa chuma, ukaanza kuangukia nje. Kijiti akapanda katikati ya wale wawili, akaugeuza kwa ncha za vidole, ukaingia, king'ora kikalia, naye akagongwa kichwa akaanguka chali. Niliona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii.

Sikiliza sasa jinsi kikapu hicho kilivyobadili mmiliki. Watu walivamia uwanja. Mwandishi wa matokeo, mama mmoja tunayemwita Mama Kalamu, alikuwa amezibwa na migongo na hakuona kitu. Kijiti akanyanyuka, akaja mbio upande wangu, mikono wazi. Alipopita mezani Mama Kalamu akamdaka jezi.

"Wewe! Nani kafunga?"

"Kaka! Kaka!"

"Nani, Kaka?"

"Kaka!"

Mama Kalamu akaandika namba nane.

Kijiti alikuwa ananiita tu. Hakuwa amesikia swali lolote. Amefunga kikapu cha ubingwa, na neno la kwanza kumtoka mdomoni lilikuwa mimi.

Picha za kamera hazisaidii. Zinaonyesha mikono mitatu na mpira mmoja. Tulipokuwa tunavua viatu Kijiti aliniinamia sikioni: "Kaka, nilihisi kitu kidoleni, ila niligongwa, sina hakika. Wewe ulikuwa unautazama mpira. Niliugusa?"

Nikasema, "Sikuona."

"Basi ni chako, mzee!" Akanimwagia chupa nzima ya maji kichwani, akaanza kucheza.

Siku hiyo hiyo niliandika katika daftari: "Tumekuwa mabingwa. Kijiti amefunga. Mimi nilikosa." Nilifunga daftari, nikatoka nje kupongezwa.

Kwa wiki mbili niliishi ndani ya kikapu cha mtu. Tulipozungushwa mjini juu ya lori, wale wale wa "Kaka, kaa" walikuwa wanaimba "Kaka, kaza!" Mpira wenyewe nilipewa mimi, na Mama aliuweka kabatini akaufunika kitambaa usiingie vumbi. Mwenyekiti akaninyanyua mkono mbele ya watu na kutangaza: "Aliyetupa kombe hatumwachi!" Nikaahidiwa mwaka mmoja zaidi. Kijiti alipiga makofi kuliko wote. Nilimtazama akipiga makofi na, badala ya kuona aibu, nikawaza: hata furaha anaijua kuliko mimi.

Tarehe 10 Juni Mama Kalamu alileta karatasi ya matokeo. Ligi yetu ina utaratibu kwamba baada ya fainali nahodha wa kila timu hupewa siku kumi na nne kuisoma karatasi, kusahihisha makosa na kuweka sahihi. Zikishapita siku hizo inafungwa, haiguswi tena. Kwenye karatasi mimi bado nilikuwa nahodha.

"Weka sahihi nikapumzike," akaniambia. "Kikapu chako kina shahidi mzuri, Kaka. Mdogo wako mwenyewe ndiye aliyeniambia." Akacheka, akanieleza yale ya mezani, ambayo hadi wakati huo sikuyajua. Nilidhani aliona vibaya tu.

Nilimwomba aniachie karatasi hadi kesho. Nikaiweka mezani, daftari langu likiwa pembeni. Karatasi ikasema namba nane. Daftari, kwa mwandiko wangu, likasema Kijiti. Sahihi ningeweka kwa kalamu ile ile. Unanijua, Dada, mimi ni mtu ninayerudi kuangalia kama nimefunga mlango wakati ufunguo ninao mkononi. Kumdanganya mdogo wangu niliweza. Kuacha karatasi mbili zangu zibishane nilishindwa. Siandiki hivyo ili unisifu. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nafikiri si kwa heshima yangu.

Nikakata nane, nikaandika kumi na tano, nikaweka sahihi. Asubuhi ya tarehe 11 nikaipeleka ofisi ya ligi. Karani akaitazama, akanitazama.

"Una uhakika? Watu huja hapa kujiongezea. Wa kujipunguzia ndiyo kwanza namwona."

"Nina uhakika."

"Haya, mzee. Lakini ukirudi kesho kulia, mimi nipo likizo."

Nilimkuta Kijiti nyumbani anapiga pasi shati. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alicheka kwanza, akafikiri ni utani. Kisha akaweka pasi wima.

"Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ukasema hukuona."

"Nilisema hivyo."

"Kaka, ningekupa," akasema. "Ungesema tu unakitaka, ningekupa."

Akachomoa waya, akavaa shati lile, upande mmoja umenyooka na mwingine umekunjamana, akatoka.

Tangu siku hiyo zimepita siku kumi. Hajanitukana, hajanisema kwa mtu. Ananisalimia kama anavyomsalimia mwenye nyumba. Mama ameuliza mara moja tu, nikamweleza, akatoa kile kitambaa juu ya mpira akaenda kukifua. Mpira wenyewe nimeupeleka chumbani kwa Kijiti. Asubuhi niliukuta sebuleni, chini, katikati ya viti, kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Bado upo pale na sote tunauzunguka.

Mwenyekiti naye ameniita. Alizungumza sana kuhusu uungwana, akanisifu, akanipa mkono. Kuhusu ule mwaka mmoja hakugusia, na mimi sikumkumbusha. Mwezi ujao nitaanza kuulizia kazi ya kufundisha watoto wa shule mchezo huu, maana sekondari yangu na miaka yangu uwanjani ndivyo nilivyo navyo.

Gazeti limesahihisha, kwa mistari mitatu ukurasa wa nyuma. Ukumbi mzima sasa unamwimba yeye. Nikikuambia wivu umeniisha nitakuwa nimerudia kosa lile lile. Upo. Hata hasira yake naionea wivu, kwa sababu ni safi na ana haki nayo, na mimi yangu yote msimu mzima haikuwa na haki. Sijui kama ataniita Kaka tena, namaanisha kwa sauti ile. Kwa sasa haniiti chochote, huanza tu kuzungumza.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake aliyotuachia bado inakamata vituo vyote. Wasalimie wapwa zangu, na yule mkubwa aliyenitumia picha ya kuchora, mjomba wake mwenye mpira mkononi, mwambie ni nzuri, ila amwongezee mjomba huyo urefu na ampunguze tumbo, ndipo atakuwa sahihi. Wodi yako pia iambie ukweli, ukipata nafasi, hata kama ni kwa aibu yangu. Shangazi akikuandikia mpe salamu zetu, mkwewe amejifungua salama. Mungu akulinde katika zamu zako, akushikie mgongo, na akupe watu wa kukuinua nawe ukichoka.

Nina ombi moja. Jumapili ukipiga simu, usiniulizie. Muulize Kijiti kikapu kilikuwaje, umwache akusimulie tangu mwanzo, pole pole, na vidole na kila kitu, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyemwomba asimulie habari ilipokuwa bado moto. Nikisikia ameanza mimi nitatoka nikatembee kidogo. Kumsikiliza bado sijaweza.

Mdogo wako akupendaye, ambaye wewe peke yako hujawahi kumwita Kaka.