Kamba ya Mwisho Chini ya Barafu

Kambini, juu ya barafu la Ziwa Baikali
20 Machi 2022

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila usingizi wa mang'amung'amu. Wewe hujambo? Kifua je?

Tumebakiza kamba moja ya matufe ya kioo ya kunasa mwanga kuishusha ziwani, na winchi, mashine ya kuishushia, naiendesha mimi tu. Uliuliza kwa nini tunatafuta mambo ya mbinguni kwa kuchungulia chini. Baba, nyutrino ni chembe ndogo mno itokayo angani, nayo hupenya dunia nzima. Haipindi njia, wala vumbi haliizuii. Ikigonga maji huacha mmweko wa buluu, nasi tukiufuata mstari wake tunajua imetoka wapi, pengine kwenye shimo jeusi linalomeza nyota huko mbali na kutema nguvu kuliko majua yote tunayoyaona. Hiyo kamba inaninyima raha. Madereva wa huku barafuni wameanza kuendesha milango wazi, lakini wiki mbili zinatosha kuimaliza.

Binti yako,
Taisya

Severobaikalsk
26 Machi 2022

Taisya mwanangu,

Salamu zimefika. Mimi si mzima. Kifua kimebana, ngazi sipandi, na jirani Zinaida ndiye anayenipikia. Simu usipige, unajua masikio yangu yalivyo.

Milango wazi maana yake dereva keshajiandaa kuruka barafu likipasuka. Mashimo yako yapo tangu zamani, hayaendi popote. Anayeondoka ni mimi. Njoo usije ukanikosa.

Baba yako,
Innokenti

Kituo cha utafiti, kando ya ziwa
9 Juni 2022

Baba,

Hali sikuulizi. Niliiona mwenyewe: nilishuka kwenye treni nikilia, nikakukuta juu ya paa unakwangua theluji na kupiga mluzi. Ukasema umepata nafuu, nami nikajifanya nimekubali. Leo siwezi.

Niliporudi barafu lilishapasuka, kamba haikushushwa. Wiki iliyopita tulipitiwa na nyutrino yenye nguvu ambayo hatujawahi kuiona, palepale ambapo kamba yangu ingekuwa. Tumeona mkia wake tu. Upande ule wa anga kuna galaksi tatu za kushukiwa, na hakuna awezaye kusema ni ipi iliyoirusha. Wenzangu hawakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Uliogopa barafu lisinimeze, najua. Ungesema hivyo. Ningekasirika, lakini ningekuamini.

Taisya

Severobaikalsk
3 Machi 2023

Mwanangu Taisya,

Hujambo? Kimya chako nimekistahili.

Nasikia kamba inashushwa mwezi huu. Usiiache kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala, nagombana na majirani. Ukiona mwandiko ni wa Zinaida usishtuke: nakunja pelmeni za nyama, mikono imejaa unga. Kaa hapohapo mpaka uikamate hiyo nyutrino yako.

Baba yako,
Innokenti

Kambini
9 Machi 2023

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli.

Tangu Mama afariki hujawahi kugusa unga. Pelmeni zako zote ni za dukani.

Winchi nimemwachia mwenzangu Arsen. Ameiendesha mara mbili tu, na ikimshinda kamba itangoja mwaka mwingine. Nimelia, kisha nikafunga begi. Treni ni kesho, labda nitafika pamoja na barua hii.

Zinaida asikuandikie tena. Nisubiri.

Binti yako,
Taisya