Pale Ninapokosea Kila Siku

Skuta, Nyeri
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. Naomba barua hii ikukute umeketi, na ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyosema, si kama wewe unavyopenda. Kikohozi je, kimekuacha? Na ng'ombe ameshazaa, au bado anawapa wasiwasi? Mimi mwilini ni mzima. Nakula, nalala kidogo, na kazini kwa agroveti ya dawa za mifugo naenda kila siku. Moyoni ndiko kuna neno, Mama. Nina woga, na huo woga ndio ulionifanya nishike kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako huiweka kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio, na kila aliye jikoni husikia, kuanzia Baba mdogo Mwai hadi aliyekuja kuomba chumvi. Haya ni yako peke yako. Nimempa Watiri wa shangazi akuletee mkononi. Vaa miwani, funga mlango, usome hadi mwisho kabla ya Jumamosi, maana uliniambia Jumamosi ndiyo Kinuthia anakuja na wazee wake na mbuzi, kuomba nirudi Nanyuki nyumbani kwake. Uliniambia kwa furaha, nikasema sawa, nikakata simu. Kisha nikaenda kulikagua komeo la mlango.

Lakini nianze na habari nyingine, usije ukaipata kwa watu ikiwa imetiwa chumvi. Najifunza gitaa. Usifurahi upesi ukadhani ni lile la kanisani la kusindikiza kwaya. Ni gitaa la umeme, na muziki wenyewe unaitwa hevi metali, ule wa kunguruma ambao mchungaji wetu aliwahi kuuhubiri kwa jina. Tulia, Mama. Bado nasali, na Jumapili bado nakaa kiti cha mbele.

Ilianza hivi. Nilipohamia hapa nilikuambia kazi ndiyo iliyonileta. Nilipata chumba kimoja katika ploti ya vyumba vilivyoshikana, na siku za kwanza sikuwa nikitoka ila kwenda kazini. Mwanamume akikohoa nje, nazima redio. Pikapu ikipunguza mwendo barabarani, naacha kutafuna. Siku moja ukuta wa upande wa kulia ulianza kunguruma, nikajibana nyuma ya kabati nikiwa na sufuria mkononi. Ulipoendelea kwa muda na hakuna aliyevunja mlango, nikatoka nikaenda kubisha kwa jirani, na kumbe ni mwalimu wa hesabu.

Anaitwa Benter, mtu wa Homa Bay, serikali ilimleta huku kufundisha na baridi yetu bado haijamzoea. Ni mwanamke mpana, mwenye miwani na soksi mbili mbili, na akimaliza kusahihisha madaftari huchukua gitaa. Niliona aibu kumwambia nilijificha, lakini sufuria nilikuwa bado nimeishika, kwa hivyo alijua. Hakucheka. Alinimiminia chai, akaniambia, "Huu muziki ni ya watu waoga, Kagure. Wenye hawana woga hawana haja nayo." Nilikwenda na maneno hayo hadi chumbani, na kesho yake nikarudi kumwomba anifundishe.

Aliniazima gitaa lake la zamani, jekundu, limechubuka kiunoni. Linaunganishwa kwa waya na spika ndogo, na katikati kuna kitu cha kukanyaga kwa mguu. Ukikikanyaga, sauti iliyokuwa nyembamba inachafuka kwa makusudi na kunguruma kama ile mashine ya kusagia ya Kangema ikipewa mahindi mabichi. Hakuna kurembesha. Unashika nyuzi mbili nene, unazichapa kwa kipande cha plastiki kuelekea chini, chini, chini, huku ubavu wa kiganja ukizilaza zisilie ovyo. Mara ya kwanza nilipokanyaga kile kitu nilijitisha mwenyewe, nikaangusha kipande cha plastiki ndani ya ndoo ya maji.

Mikono yangu ilikuwa imelegea, Mama. Ungeniona ungenicheka, wewe ambaye vidole vyako vimechuma chai hadi havisikii moto wa sufuria. Vyangu viliota malengelenge, yakapasuka, yakaota tena. Kazini nilikuwa nikihesabu vidonge vya minyoo vya mbuzi huku nimeuma meno. Na kulikuwa na woga mwingine ambao sikumwambia hata Benter. Nikicheza, sisikii hatua za mtu mlangoni. Kwa hiyo hadi leo huketi nikiutazama mlango, mgongo kwenye ukuta, na komeo nimelikagua mara ya pili. Lakini ndani ya ile ngurumo kuna kitambo kidogo ambapo kitu kikubwa kuliko vyote chumbani ni mimi. Hicho ndicho ninachokifuata.

Benter alinitungia kipande kifupi cha kufundishia. Katikati yake kuna mahali ambapo kidole kidogo cha kushoto lazima kiruke mbali kwenye shingo ya gitaa. Unakikumbuka kidole changu hicho, kile nilichokuambia kilibanwa na mlango wa gari. Hakikunjiki vizuri. Basi kila jioni nikifika pale, kidole hakifiki, gitaa linatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, naacha, navuta pumzi na kuanza tena toka mwanzo. Kila siku, hapo hapo.

Upande wa kushoto anaishi Mama Mutahi, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa fulani la hapa mtaani, mtu wa kuamka na maombi. Alinishtaki kwa mwenye ploti. Asubuhi moja nilikuta kitasa changu kinateleza, kumbe amekipaka mafuta ya upako nikiwa nimelala. Baadaye alimwambia Benter kwamba ameomba sana juu ya jambo hili na amepata jibu. Alisema huyu msichana hana pepo, kwa sababu shetani hangekosea mahali pamoja kila siku. Ila akasema kichwa kinamuuma si kwa ajili ya kelele, ni kwa ajili ya kungoja. Nikishakosea, yeye huacha alichoshika akingoja nianze tena, ndipo aendelee kumenya viazi. Tulicheka sana siku hiyo, na nilikuwa sijacheka tangu Nanyuki.

Sasa, Mama, nafika kwenye neno lenyewe. Mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha. Sikuhamishwa na kazi, nilitoroka. Kidole changu hakikubanwa na mlango wa gari. Ulikuwa mlango wa chumba chetu cha kulala. Kinuthia alikishika kidole pale kwenye bawaba, akaufunga mlango pole pole huku akiniuliza kama nitajibu tena nikiulizwa. Hakuwa amelewa, na hakuinua sauti. Ni yule yule Kinuthia anayekuletea mkate na maziwa ya pakiti na kukuita Mami, na ndiyo maana sikujua ningeanzia wapi kukueleza. Kabla ya kidole kulikuwa na mengine, na siku niliyoondoka alikuwa ameniambia atakavyonifanya nikijaribu kuondoka. Nilimwamini, na hadi leo namwamini.

Na Alhamisi iliyopita alikuja hapa.

Nilikuwa nacheza, jua bado lipo. Nilifika pale ninapokosea, nikakosea, nikaacha, na katika kile kimya nikasikia mlango ukibishwa taratibu. Sauti yake ikasema, "Fungua Kagure. Nimetumwa na mami. Ameniambia nikuletee nduma." Sikusogea. Kisha nikachungulia pembeni mwa pazia, nikaona kiondo chako. Kile kikapu cha mistari ya kijani, chenye mkanda uliotengenezwa kwa mshipi wa Baba. Mama, nisikilize vizuri hapa. Kichwa changu kilijua ni yeye, lakini mkono wangu ulikiona kiondo ukafungua mlango. Nilidhani labda uko nyuma yake, au umeugua na amekuja kuniita.

Aliingia, akakiweka kiondo mezani vizuri, akafunga komeo. Akaitazama spika, akauchomoa waya ukutani, akaukunja kunja na kuuweka mfukoni mwake. Aliniambia nikusanye nguo, gari liko barabarani, wazee watakuja baadaye kutengeneza mambo ya heshima. Niliposema siendi, aliushika mkono wangu wa kushoto akakitafuta kile kidole, akakishika tu. Akaniambia, "Usinifanye nikasirike kwa watu." Sikuweza kupiga kelele.

Ndipo mlango ukagongwa kwa mwiko. Alikuwa Mama Mutahi. Kinuthia alimjibu kwa upole kwamba mke wake anapumzika. Mama Mutahi akasema hamtaki yeye, anamtaka yule wa kelele, atoke nje amwone. Kinuthia akasema tena kwa upole. Basi huyo mama akaanza kuita ploti nzima, mlango kwa mlango, kwa majina ya watoto wao. Wakaja, mmoja ana povu la sabuni hadi kwenye viwiko, mwingine ana mtoto mgongoni, wakasimama mbele ya mlango wangu. Kinuthia alifungua, akawasalimu wote, akawauliza habari za jioni, akaenda zake na waya wangu mfukoni. Benter aliporudi kutoka shuleni alinipeleka polisi tukaandikisha taarifa, na tangu siku hiyo analala kwangu.

Nilimuuliza Mama Mutahi alijuaje. Akasema, "Nilingoja uanze tena. Hukuanza. Nikasema ati leo kuna kitu."

Mama, sikuandiki haya ili ujilaumu. Nakuomba kwa jina la Baba usijilaumu. Wewe ulimtuma mkwe apeleke chakula kwa mtoto wako, na mzazi gani hangefanya hivyo? Mimi ndiye niliyekuficha. Lakini unajua kwetu mbuzi akishapokewa na kufungwa ndani ya boma, neno limekwisha, na baada ya hapo hata nikilia ni mimi ninayevunja heshima ya wazee. Kwa hiyo nakuomba moja tu. Jumamosi wakija, wape chai, wape viti, wasikilize kwa adabu. Mbuzi abaki nje ya lango. Baba mdogo Mwai atakasirika, na majirani watasema. Ukiona ni vigumu kusema neno, mwonyeshe Baba mdogo ukurasa huu, hapo penye kidole. Naogopa utamhurumia Kinuthia akianza kulia, maana analia vizuri sana. Nakuomba usimhurumie.

Benter alininunulia waya mwingine. Sikutaka kugusa gitaa tena, akanilazimisha, na akanionyesha njia nyingine ya kupita pale katikati kwa kidole cha pete, bila kile kidogo. Jana jioni nilipita, Mama. Nilicheza kipande chote hadi mwisho bila kukosea, kwa mara ya kwanza, nikaliweka gitaa chini kwa furaha. Hata sijakohoa, Mama Mutahi alikuwa mlangoni na mwiko, na nyuma yake wengine wawili. Hakusikia nikianza tena. Ilibidi nimfungulie, nimkalishe, nimweleze kwamba niko salama na kwamba nimejua kucheza.

Hakufurahi. Alisema kucheza vizuri ni sawa, lakini sasa yeye atajuaje? Tumekubaliana hivi: nikimaliza kipande vizuri, nirudi pale katikati, nikosee kama zamani, halafu nianze tena kidogo. Leo nimefanya hivyo. Kwa kile kidole chako ulichokizaa kizima, nimekosea makusudi, na nimesikia ng'ambo ya ukuta kisu kikirudi kwenye viazi.

Kiondo chako anacho Watiri. Ulitufundisha chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo ndani kuna majani ya chai, sukari, na leso ya kichwa. Ukitaka kunitumia chochote tena, kipitie mikono ya Watiri tu, na usimwambie yeyote mwingine ninapolala. Nduma nilizipika, Mama. Nilikaa nazo siku nzima nikiziogopa, kisha nikazipika, nikazila mimi na Benter, na Mama Mutahi nikampelekea zake. Zilikuwa tamu. Nililia nikizila, lakini nilizimaliza.

Nisalimie Baba mdogo hata kama amekasirika, nisalimie watoto wake na wote wanaoniulizia kwa wema. Mguu wako uuweke juu. Mungu akulinde hadi Jumamosi, na Jumamosi yenyewe akushike mkono.

Mimi binti yako anayekupenda na anayeogopa,

Kagure