Kengele Mpya Zilizokaa Kabatini

Mama,

Nimekaa mezani pako hapa mapokezi, kwenye kiti ambacho hukukubali mtu mwingine akikalie. Tangu tukuzike kijijini Sikuda, mimi ndiye ninayewapa wageni funguo. Mwanao Wandera anasema siku hizi nacheka na wageni kama wewe. Angejua nililokufanyia, asingenilinganisha nawe.

Nimekusingizia, Mama. Na watu wa Busia, huku na ng'ambo ya mpaka, wameamini.

Unakumbuka Jumamosi zako? Ulipita chumba hadi chumba na mpini wa ufagio, ukabonyeza kitufe cha kila kengele ya moshi darini, nayo ikapiga kelele hadi madereva wa malori wakaruka vitandani. Wewe ulikuwa unacheka tu. "Hii iko mzima! Wewe nasikia vile inalia?" Mimi, mke wa mwanao niliyeletwa kutoka upande wa Kenya, nilikuwa nakucheka chinichini. Lakini nililala vizuri kwa sababu yako. Loji nyingi hapa hazina hata kengele moja.

Siku za matanga nilikuwa natoa utando wa buibui kabla waombolezaji hawajafika, nikaiteremsha kengele ya ukumbini niipanguse. Ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Nyuma yake palikuwa na tarehe ya kutengenezwa. Ilitengenezwa kabla sijaolewa, Mama, na kifungua mimba wangu sasa yuko sekondari.

Niliipeleka Tororo, kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji aliigeuza akatikisa kichwa. "Hii nakwisha zamani, madam. Miaka kumi ndiyo mwisho. Unatupa yote, si betri tu." Nikambishia kwamba mbona inalia. Akanieleza kwamba kitufe kile kinakuonyesha betri ina nguvu na sauti ipo, basi. Kile kinachonusa moshi ndani ndicho kinachozeeka, na kikizeeka hakikwambii. Nikanunua mpya za vyumba vyote, nikarudi na boksi langu nikijiona mtu wa maana.

Wifi yangu Taaka, binti yako, alinikuta nimebeba ngazi. "Mulamwa, kitu ya mama haitoki kwa nyumba mpaka tumekaa, tumegawa." Sikushangaa, ndiyo desturi yenu, hata sufuria zako zilikuwa hazijaguswa. Nikairudisha ngazi. Boksi nikalisukuma kabatini, nyuma ya mashuka. Ningependa kukwambia kwamba nilinyamaza kwa heshima. Wapi! Niliogopa kuitwa mke aliyekuwa anangoja ufe apange nyumba upya. Jumamosi ikifika nilikuwa nachukua ufagio wako, nabonyeza, zinalia, nami najifanya nimeridhika.

Akoth unamjua, yule muuza omena anayelala kwetu kila akivuka na mzigo. Siku moja, kabla hatujakaa kugawana, alifika amechoka, akalala mchana. Mgeni wa chumba cha jirani alikuwa anapiga pasi shati juu ya kitanda, umeme ukakatika. Akaiacha pasi imelala kwenye godoro, imechomekwa vilevile, akatoka kutafuta chakula. Umeme ukarudi. Hapakuwa na moto wa kuonekana, Mama. Godoro lilikuwa linafuka tu polepole, na moshi ukapita juu ya dari hadi kwa Akoth. Kengele ya chumba kile haikulia, na ya Akoth ilikuwa juu ya kichwa chake, taa yake ya kijani inawaka, nayo haikulia. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Ni harufu iliyoniinua. Wandera alipovunja mlango, Akoth alikuwa sakafuni.

Yuko hai. Ametoka hospitali, yuko kwao. Lakini sauti haijarudi. Unakumbuka alivyokuwa akiita wateja sokoni, hadi wauza mitumba wanamwomba apunguze? Sasa ananong'ona, na mdogo wake ndiye anayemwitia wateja.

Kaka yake alikuja kuuliza ilikuwaje. Nikamwambia, "Zile kengele zilikuwa za marehemu. Sisi hatukujua kama zinazeeka." Nilisema hivyo mgongo wangu umeegemea kabati lenye boksi. Akaniamini, akanishukuru hata. Tangu hapo maneno yanatembea, kwamba mama yake Wandera alikuwa anawalaza watu chini ya vitu vibovu. Wewe! Wewe uliyezinunua wakati hakuna aliyekulazimisha! Nasikia wakisema, nami nainama kuandika majina ya wageni.

Tulipokaa kugawana, Taaka alifungua kabati kutafuta mashuka yako mazuri, akaliona boksi. Nikamkumbusha kwa ukali kwamba yeye ndiye aliyenikataza. Akalivuta boksi, akaliweka miguuni pangu. "Mimi nilisema ya mama isitoke. Nani nakukataza kuweka mpya kando yake?"

Dari ni pana, Mama. Ilikuwa kazi ya skrubu mbili kila chumba, na ya zamani ingebaki mahali pake. Sikuliwaza hilo hata mara moja. Nilikuwa nawaza watanisema vipi.

Mpya ziko juu sasa. Ubavuni mwa kila moja nimeandika, kwa kalamu ya wino mzito, mwaka wa kuiondoa, hata kama siku hiyo itakuwa inalia vizuri. Atakayerithi funguo hizi asikie kelele au asisikie, atasoma. Zako nilizishusha mwenyewe. Hakuna aliyezitaka kwenye mgao, na nililia nazo mapajani mbele ya watu wote. Walidhani ni uchungu wa msiba.

Wandera bado hajui. Nitamwambia leo kabla hajala. Kesho navuka kwenda kwa Akoth, na nitasema mbele ya kaka yake kwamba nilijua, na kwamba mpya zilikuwa kabatini. Wanaweza kunishtaki. Loji inaweza kufungwa. Naogopa, Mama, sitakuficha.

Lala kwa amani. Jina lako nimelichafua mimi, na nitalisafisha mimi. Akoth akitaka kunitukana itabidi anong'one, nami nitasogeza sikio karibu na mdomo wake nisikie yote.

Mke wa mwanao,
Nekesa