Nilipanda Basi na Eda Yangu

Deira, Dubai

Kwako mama mkwe wangu, Jomvu Kuu,

Shikamoo mama. Na nyengine tena shikamoo, kwani ile ya kwanza najua hutaiitikia. U hali gani? Miguu yaendeleaje, na ile presha? Nuru naye ala vizuri, alala vizuri? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Mengine sijui niyasemeje.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Nikimpigia wifi Zuhura aniambia mama amelala. Asubuhi amelala, adhuhuri amelala. Nikiomba kusema na mwanangu, Nuru yuko chuoni. Hata Ijumaa, siku ambayo madrasa zote zimefungwa, yuko chuoni! Basi nikaelewa. Barua hii nimempa fundi wa mabomba wa hapa hotelini, mtu wa Changamwe, aja likizo. Nimemwapisha aitie mkononi mwako, si kwa mtu mwengine. Ukitaka kuichana, ichane ukisha kuisoma.

Mama, ni ile picha. Umeiona wewe na Jomvu nzima imeiona: mjane wa Swaleh, kizuka, eda haijaisha, yuko juu ya basi la watalii Dubai, miwani ya jua machoni, vidude vya muziki masikioni, kama aliyeshushiwa neema. Nimeambiwa ulisema, "Udongo wa mwanangu haujakauka, mwenzake yuwatalii." Lau ningekuwa mimi ndiye mavyaa, nawe mke wa mwanangu, ningesema zaidi ya hayo. Sasa nisikilize ilivyokuwa, kisha unihukumu.

Nyumba yetu ya wafanyakazi iliingia kunguni. Siku hiyo ilikuwa yangu ya mapumziko, na tangu Swaleh atutoke, mapumziko yangu ni kulala nimeuelekea ukuta. Sina niendako ila kazini na kurudi. La kazi nilimuuliza maalim, akasema ni dharura, yaruhusiwa. Kutembea hakuniruhusu, nami sikumuomba. Basi watu wa dawa wakaja na mapipa yao, wakatutoa sote, wakasema msirudi mpaka jua litue. Hotelini huruhusiwi kukaa kama huna sare. Msikitini nisingeweza; siku zile sikuwa na sala, nawe waelewa. Wenzangu wakaenda zao madukani. Mimi nikasimama njiani na mkoba wangu, kizuka asiye na nyumba ya kukalia eda. Na jua la huku silo letu, mama, lachoma mpaka ndani ya meno.

Akapita Kadzo akienda zamu yake. Wamkumbuka, yule Mgiriama wa Mtopanga ninayelala naye chumba kimoja, aliyekuletea tende kabla ya Ramadhani. Akaniambia, "Mishi, utasimama hapa mpaka uanguke? Si upande yale mabasi ukae."

"Mwenye eda hatembei, Kadzo."

"Kwani nani kasema utembee? Litakalotembea ni basi. Wewe utakuwa umeketi."

Mbele ya hoteli yetu huegeshwa mabasi ya kutembeza wageni, ya ghorofa, juu hayana paa. Tiketi moja yatosha kutwa: washuka utakapo, watazama, kisha wapanda jengine lijalo. Yako mekundu na yako ya kijani, na wauzaji wao wameweka meza ubavu kwa ubavu wakigombania watu. Sisi tutandikao vyumba hupewa nao tiketi za bure ili tuwasifie kwa wageni, maana kila asubuhi wageni hutuuliza wachague lipi.

Swaleh, Mungu amrehemu, alikuwa na lake katika hayo. Wamjua mwanao, mtu wa tuktuk, barabara zote za ulimwengu aona azijua yeye. Nilipomsimulia kwa simu hakuniacha tena: "Nikija huko tutapanda jekundu. Lapita kando ya maji. Hilo la kijani lazunguka tu kama lililopotea." Na Dubai hajaikanyaga! Nilicheka mpaka Kadzo akanirushia mto.

Nikaenda kwenye meza ya jekundu. Mguu ukakataa, wallahi. Nikageuka nikaenda kwa muuzaji wa kijani, mzee mmoja wa Kipakistani, nikamuuliza kama basi lake litanilazimu kushuka.

Akanitazama. "Bibi, watu huniuliza washukie wapi."

"Mimi nataka nisishuke."

"Hutaki kuona kitu?"

"Sitaki."

Akajikuna ndevu, akaniambia jekundu hukata safari katikati, lazima ushuke ulipande jengine. La kwake lazunguka na kurudi papo hapo, na ukikaa humo kutwa hakuna wa kukutoa. Ndivyo nilivyochagua. Wengine huchagua kwa majumba na masoko.

Nilikusudia kukaa chini, kwenye vioo vya giza. Chini kukajaa kundi la wazee wa Kizungu na viti vyao vya magurudumu, nikapelekwa juu. Vile vidude vya masikioni hupewa kila abiria, ni vya kusikilizia habari za mji. Lugha chungu nzima, Kiswahili hamna. Nikavitia masikioni bila kufungua kitu, ili mtu asinisemeshe. Miwani ni ya Kadzo. Alipanda kabla basi halijaondoka akanivisha, akasema macho yangu yatisha watu. Aliposhuka akanipiga picha akaitia kwenye stetasi yake, akaandika, "Dada yangu leo amepumzisha moyo." Hakujua kama picha ina ubaya, mama. Wao wana maombolezo yao. Alipojua aliifuta, akalia, akataka kukupigia simu akuombe radhi, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na wifi Zuhura alikuwa ameshaiona.

Alilia yeye. Mimi sikulia.

Basi likaenda. Nikwambie niliona nini? Majumba marefu yalipita. Soko la dhahabu likapita, watu wakashuka, wakapanda wengine. Mwaka wa pili huu natandikia wageni wa mji huu, mji wenyewe sikuwa nimeuona, na siku ile nao niliupita kama mtu atazamaye ukuta. Tukazunguka, tukarudi, tukazunguka tena. Kondakta akaja kuniambia hapa ni makumbusho, wote hushuka. Nikatikisa kichwa. Mzunguko uliofuata hakuniuliza tena, aliniletea maji.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata Kadzo halijui. Zuhura aliponionyesha kwenye simu jeneza likitoka mlangoni pako, nilikuwa nimeshika shuka la mgeni. Nilimaliza kukitandika kile kitanda. Nikaingia chumba cha pili. Tangu hapo mimi sijalia, mama. Nimekufa ganzi, utosini mpaka kwenye kucha. Chakula nakila kama dawa. Basi juu ya lile basi, ghafula nikasikia njaa. Njaa ya kweli, tumbo languruma. Nikatoa mkate mkobani nikaula wote, na makombo nikayaokota mapajani nikayala. Nikajichukia. Mume wangu yuko chini ya mchanga nami nauona mkate mtamu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa huo mkate.

Lakini sikushuka. Jua lilipotua na nyumba ikafunguliwa ndipo nikateremka, nikaingia ndani, nikauelekea ukuta wangu.

Nisalimie wifi Zuhura, mwambie sina kinyongo naye, angenificha wewe ungejua kwa watu. Nisalimie jirani yako muuza mbaazi, na bwana mdogo aliyeshika tuktuk ya kakake, aiendeshe polepole. Nuru mbusu kwa ajili yangu, hata kama umeninunia.

Lililobaki ni hili. La basi, maalim amesema hapana kubwa, Mungu aijua niya yangu. Lakini maalim siye aliyemzaa Swaleh. Eda yangu i karibu kwisha, na kwetu kizuka hajitoi mwenyewe. Hutolewa na wakubwa wake, wakamuosha, wakamvisha, wakamwambia haya, toka. Hapa nina nani? Kadzo, maskini, amejitolea aniogeshe yeye. Nimemwambia ahsante, lakini mwenye kunitoa yuko Jomvu.

Kwa hivyo siku zikitimia sitatoka. Nitakaa na buibui langu hili hili, kazini na kurudi, iwe mwezi, iwe mwaka, mpaka nisikie sauti yako yaniambia, "Mishi, toka." Kwa simu yatosha. Na usiposema, sitatoka.

Mkazamwana wako, ningali ndani,

Mishi