Moja na moja ni sifuri

Jumatano, Tarime

Basi kosa ni langu mwenyewe. Wiki nzima nimeilaumu kompyuta kwa kushindwa kusahihisha ujumbe ulioharibika njiani, jambo ambalo ndilo tasnifu yangu ya chuo, na Ijumaa profesa anaitaka kazi.

Mchana kutwa nawafundisha Kidato cha Pili kuwa x na x ni 2x. Jioni nikaandika hivyo hivyo kwenye polinomia, zile hesabu za x, za tasnifu yangu, ambako namba ni sifuri na moja tu, na moja jumlisha moja ni sifuri, hivyo x na x hufutana.

Mama Bhoke, mwenye nyumba, alinikuta nimeshika kichwa.

“Mwalimu, kuna msiba?”

“Hapana, mama. Nimekosea hesabu.”

“Si ufute tu!”

Nikafuta kila 2x. Kompyuta ikausahihisha ujumbe. Sina hata nguvu ya kufurahi. Kesho kipindi cha kwanza ni Kidato cha Pili, na naogopa nitawaandikia x na x ni sifuri.