Nyumba Aliyoiona Mama Kwenye Simu

Jumatatu, saa ya chakula. Upepo umeanza tangu alfajiri na haujapumzika. Vumbi limeingia kwenye maharage, kwenye masikio, mpaka kwenye simu hii ninayoandikia. Vijana wamejibanza nyuma ya rundo la tofali wanakula. Mimi sina njaa.

Shajara, leo asubuhi nimemkabidhi mnunuzi wetu, Mwalimu, funguo za nyumba ya Msalato. Ni nyumba yangu ya kwanza kuijenga na kuiuza. Leo ilikuwa siku ya kufurahi.

Nimemdanganya mama yangu. Acha niandike hivyo hivyo, nisizunguke.

Mnaonisoma humu mtandaoni tangu zamani mnajua nilikotoka. Kasulu, kidato cha pili nikaishia, nikaja Dodoma kubeba zege kwenye maofisi yaliyokuwa yanajengwa. Kujenga nimejifunza kwa kuangalia mikono ya wenzangu. Baadaye nikaanza kuchukua kazi ndogo ndogo mwenyewe, uzio wa huyu, choo cha yule, mpaka watu wakaniita mkandarasi na mimi nikaitika.

Huko ndiko nilikokutana na Rama, fundi bomba wa Kondoa, mtu wa maneno mengi na mkono safi. Wote wawili tulikuwa tumechoka kujenga vya watu. Unamaliza nyumba, unalipwa kwa kusuasua, halafu baadaye unapita hapo unaambiwa mwenyewe ameshaiuza kwa faida ambayo hukuiota. Tukaunganisha akiba zetu, tukachukua kiwanja Msalato, upande wa uwanja mpya wa ndege, kabla bei haijapanda kabisa. Mpango wa Rama ulikuwa mwepesi. Tujenge, tuuze, tununue viwili, tujenge tena. Kitu kimoja tu alinikataza.

"Mha, nyumba ya biashara usiipende," aliniambia, akiniita kwa kabila langu kama kawaida yake. "Ukiipenda, hasara umeshaipata."

Mimi niliipenda.

Ilianza na picha. Tulipomwaga zege la sakafu nilimtumia dada yangu picha, kujionyesha tu, naye akampelekea mama. Jioni nikapokea ujumbe wa sauti wa mama kutoka simu ya dada. Alikuwa anacheka. Alisema ameiona nyumba yetu, na kwamba Mungu ameyakumbuka magoti yake mabovu. Nilijua amekosea. Kusahihisha kulitaka sentensi moja: mama, hiyo ni ya kuuza, na nusu yake ni ya mwenzangu. Nikabonyeza simu nikasema, "Ndiyo, mama."

Nikajiambia nitamweleza nikienda nyumbani. Nyumbani sijaenda.

Kwetu mwanamume aliyekwenda mbali akirudi haulizwi amepata nini. Anaulizwa mama yake analala wapi. Wangu alikuwa analala kwenye nyumba ya udongo aliyoachiwa na marehemu baba, bati zimeliwa na kutu, na mtoto wake ni fundi. Sasa ghafla alikuwa na jibu la kuwapa majirani. Ningemnyang'anyaje?

Ndivyo nilivyojitetea. Kweli yenyewe ni kwamba nilipenda kusikia akinisifu.

Kila wiki sauti zikaja na maswali. Mlangoni kuna ngazi? Sikuweka ngazi, nikamimina mteremko mfupi. Jiko la kuni la nje lipo? Nikajenga jiko la nje, Rama nikamwambia linavutia wateja. Barazani mtu anaweza kukaa bila kuomba kiti? Nikajenga benchi la saruji, fupi, la kimo chake. Rama alikuna kichwa, akauliza kama siku hizi ramani zetu zinachorewa Kasulu. Nilicheka, nikaendelea kulainisha saruji.

Mnunuzi alikuja kutoka Mvumi, mama mmoja, mwalimu anayekaribia kustaafu. Na yeye ana magoti mabovu. Alipanda ule mteremko, akakaa kwenye lile benchi, akanyoosha miguu. Akasema aliyejenga hapa amelelewa vizuri. Kwenye bei hakuvutana nasi sana. Rama alinipiga begani, akasema kumbe nina akili ya biashara kuliko alivyodhani.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa uso.

Dada hakujua kwamba nyumba ni ya kuuza. Rangi ilipokauka akampelekea mama picha nyingine niliyomtumia, na mama hakuuliza tena maswali. Aliezua bati zake, akampa mdogo wangu Yusto anayejenga baada ya kuoa, akapanda basi. Mimi nilipigiwa basi likiwa limeshapita Manyoni.

Jumamosi nikampokea stendi. Alikuwa na dumu la mawese, unga wa muhogo, na mfuko mzito uliokuwa unaburuzika chini. Konda alikuwa bado anautania ule mfuko.

"Bibi, Dodoma mawe yamejaa, ya bure kabisa."

"Hayo hayajawahi kunipikia," mama akamjibu.

Lilikuwa figa lake moja, jiwe la jikoni aliloachiwa na bibi. Mengine mawili yalishapasuka. Alisema mapya mawili atayatafuta hapa hapa.

Mimi naishi chumba kimoja cha kupanga Ipagala. Nilipomwona anafuta vumbi kwenye viatu ili aingie vizuri kwenye nyumba yake, nilishindwa kumpeleka huko. Funguo za Msalato zilikuwa mfukoni. Nikamwambia dereva wa bajaji, Msalato. Mama aliingia chumba hadi chumba akipapasa kuta, kisha akapiga magoti sebuleni akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kiha, akinitaja jina. Nilisimama mlangoni nimeshika mfuko wa jiwe. Alichagua chumba cha upande wa mashariki akatandika mkeka.

Jana asubuhi nilimkuta ameshafagia. Jiko la nje lilikuwa linawaka, jiwe lake na mawili aliyookota mlimani, uji juu yake. Ukuta niliopaka rangi ya maziwa ulikuwa na masizi tayari.

Kabla sijaketi, Mwalimu akaingia getini. Alikuwa ametoka ibadani, akaona apitie kupima mapazia. Akamwamkia mama shikamoo. Mama akaitikia marahaba kama mwenye mji, akamkaribisha kwenye benchi, akammiminia uji kwenye kikombe changu cha kazini. Wakaanza kuzungumza juu ya magoti. Mimi nilisimama karibu na pipa la maji, mikono sina pa kuiweka.

"Huyu shule haikumkubali," mama akamwambia, akininyooshea kidole. "Lakini hakunisahau."

Mwalimu alinitazama. Nilitegemea aseme. Alikuwa na haki ya kusema, alikuwa amekaribishwa kwenye benchi alilolinunua. Akaunywa uji wote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Hongera, mama. Umezaa."

Nilimsindikiza getini. Aliniambia taratibu kwamba kesho anakuja na mizigo yake, na kwamba yeye hatamwambia mama yangu kitu, maana si kazi yake. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Niliporudi mama alikuwa anaosha kikombe, amenipa mgongo.

"Yule mama alikuwa anahesabu madirisha," alisema. "Na kwenye pochi ana futi ya kupimia. Anapima mapazia ya nani, Elia?"

Nikamwambia yote. Nilisema nikiwa nimesimama, kuanzia ile sauti ya kwanza. Hakulia. Aliuliza kama Rama ana watoto. Nikasema anao. Akasema basi nusu ni ya hao. Akauliza nusu yangu inakwenda wapi. Nikasema kwenye kiwanja kinachofuata.

Alizivuta kuni nje ya jiko moja moja, moto ukaanza kuzima.

"Bati nimeshampa Yusto," akasema.

Hilo tu.

Kisha akachukua kitambaa akaanza kusugua masizi kwenye ukuta wa jiko la watu. Masizi hayatoki kwenye ukuta kwa kitambaa, mimi ni fundi, najua. Nilimwacha asugue kwa sababu sikuweza kumshika mkono. Halafu nikachukua rangi iliyobaki nikapaka juu. Yeye akalimwagia jiwe maji mpaka likapoa, akalirudisha mfukoni. Nilipotaka kumbebea akauvuta mfuko upande wake.

Aliubeba mwenyewe mpaka Ipagala.

Chumbani kwangu kuna kitanda, ndoo, na jiko la gesi. Jiwe halikuwa na pa kukaa. Mlango wangu haufungi sawasawa, upepo unaupiga, na mwaka mzima nasema nitaurekebisha. Mama alilitoa jiwe, akauwekea mlango usigonge. Nikamwachia kitanda, nikalala sakafuni. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia, akasema niende kazini. Hajaniita tena jina langu.

Rama leo ana furaha, anapiga filimbi. Jioni dalali anatusubiri kutuonyesha viwanja viwili. Rama naye sijamwambia. Nimewaza nimwambie anunue bila mimi, fungu langu lijenge chumba na jiko kwa mama, hata kama biashara itasimama pale pale ilipoanzia. Nimeliandika hapa ili lionekane. Lakini mimi ni hodari wa kuahidi kwenye simu, na "ndiyo" naitamka kirahisi sana.

Kuna jambo limenijia sasa hivi, nikitazama tofali hizi. Katika sauti zote zile nilimjibu mama habari za ngazi, za jiko na za benchi. Sikumuuliza hata siku moja kama anataka kuhama Kasulu. Nilimjengea nyumba yote kichwani mwangu, nikamuuza nayo.

Kwa hiyo dalali atasubiri. Nikitoka hapa napitia Ipagala kwanza. Nitakaa chini, sakafuni, nimuulize uso kwa uso anataka kuishi wapi. Jibu lolote atakalotoa, ndilo nitakalompelekea Rama.

Vijana wameshanyanyuka, wananiita. Upepo bado unavuma.

Nikifika nikakuta jiwe bado limeshika mlango, nitajua pa kuanzia. Nikikuta limerudi mfukoni je?