Feni Huzimwa Mwisho

Munje, Msambweni

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako amevuna mihogo, na babu yako yuko juu ya banda la kuku anaezeka.

Wauliza mfanyeje, maana bomba la kuvuta vumbi katika kiwanda chenu cha unga huziba kila asubuhi mkaligonga nyundo. Nyundo iwekeni chini! Hubonyeza bati, na vumbi hushika palipobonyea.

Miaka ya hamsini nilikuwa nikilisha katani kwenye mashine ya brashi, ile isuguayo nyuzi, katika kiwanda cha mkonge. Feni ilivuta vumbi likapita bombani hadi nje. Ijumaa moja adhana ilipolia, Bakari, mwangalizi wa feni, alizima mashine na feni pamoja akakimbilia msikitini. Vumbi likabaki bombani, mvua ikaleta unyevu, likagandamana. Tulipowasha tena, banda lilijaa vumbi, na mwenzetu mmoja akaanguka akitafuta pumzi. Tulimtoa nje akapata nafuu.

Nilimwendea Bakari. "Sufuria ya uji huoshwa ingali moto. Zima mashine zetu kwanza, feni izunguke mpaka bomba liwe tupu."

"Nitachelewa swala, dada."

"Basi sisi tutaacha kulisha mapema."

Tangu siku hiyo bomba halikuziba tena; nanyi fanyeni vivyo hivyo kila jioni.

Babu yako anakusalimu sana. Ndiye Bakari huyo. Alipoleta posa, sharti langu lilikuwa lile lile la bomba tupu: tusilale na neno kifuani.

Bibi yako,
Mwanasiti